Kwa nini pumzi huzima mshumaa na kuamsha mkaa: majaribio ya kuusoma moto

Puliza mshumaa, unazimika. Puliza mkaa uliofifia, unawiva mwekundu na kuanza kutoa cheche. Pumzi ni ileile na mdomo ni uleule. Anayeweza kueleza tofauti hiyo bila kubabaisha ameielewa kemia ya mwako kuliko aliyekariri kwamba moto unahitaji "joto, hewa na kitu cha kuungua", halafu akaishia hapo.

Mwongozo huu unakupeleka kwenye jibu kwa mikono yako mwenyewe. Vifaa vingi vimo jikoni, na majaribio yote yanamalizika kwa saa mbili hivi ukienda bila pupa. Baada yake tutaona jinsi ujuzi huo unavyobadili namna ya kuwasha kuni, kutunza jiko la gesi na kuzima moto uliokwisha kuasi.

Nikudokeze mapema jambo la kushika njia nzima: vitu vingi unavyoviona vikiwaka haviwaki vyenyewe. Kinachowaka ni mvuke au gesi inayotoka ndani yake. Usiniamini kwa neno tu. Hatua ya pili itakuonyesha.

Maandalizi

Tafuta mishumaa mitatu ya kawaida, kiberiti, kijiko cha chuma, gilasi ya kioo iliyo wazi, kisahani, chujio la chai la waya wa chuma, siki, baikaboneti (ile soda ya unga inayotiwa kwenye keki), karatasi ya aluminiamu, na mizani ya jikoni inayosoma angalau gramu moja moja, ingawa inayosoma sehemu ya kumi ya gramu ni bora zaidi. Utahitaji pia stilwaya, yaani nyuzi laini za chuma za kusugulia sufuria. Iwe ile ya chuma cha kawaida kinachoshika kutu, isiyo na sabuni. Zile zinazong'aa za chuma kisichopata kutu hazitakubali kuwaka, utapoteza kiberiti bure.

Ondoa kitambaa mezani, funga nywele, kunja mikono ya shati, sogeza mapazia. Weka ndoo ya maji karibu na mguu wako, si chumba cha pili. Zima feni, kwa sababu upepo mdogo tu unaharibu nusu ya utakachokiona. Watoto wanaruhusiwa kutazama na hata kushiriki, ila mtu mzima asiondoke mezani.

Hatua ya 1: Utazame mwali, usifanye kingine

Washa mshumaa mmoja, uache dakika tano hadi kisima kidogo cha nta iliyoyeyuka kitokee kuzunguka utambi. Kisha utazame kwa makini dakika mbili kamili. Wengi huiruka hatua hii, na ndiyo maana wengi hawajawahi kuona kwamba mwali wa mshumaa una vyumba.

Chini kabisa, pembeni, kuna ukingo wa bluu hafifu. Kuzunguka utambi kuna sehemu nyeusinyeusi, kana kwamba hapo hakuna moto. Juu yake ndipo penye njano inayotoa karibu mwanga wote. Kila chumba kina kazi yake, na tutaviingia kimoja kimoja.

Michael Faraday, mwanasayansi Mwingereza, alifundisha vijana kemia nzima kwa kutumia mshumaa tu katika mihadhara yake pale Royal Institution, London, mwaka 1848 na tena mwaka 1860. Wakati huo alikwisha kuwa bingwa wa umeme, na angeweza kuonyesha mitambo ya kutisha. Akachagua mshumaa. Nadhani hakukosea.

Angalia pia umbo la mwali: umechongoka juu. Gesi za moto ni nyepesi, hupanda, na nyuma yake hewa mpya huvutwa kutoka chini. Mshumaa hujivutia hewa wenyewe bila feni. Wanasayansi walipowasha mishumaa ndani ya vyombo vya anga, mahali ambapo kitu cha moto hakina "juu" pa kwendea, mwali ulikuwa tufe dogo la bluu, dhaifu, linalongoja oksijeni ilifikie polepole.

Hatua ya 2: Kamata mvuke

Acha mshumaa uwake vizuri. Washa njiti ya kiberiti uishike mkono mmoja. Zima mshumaa kwa pumzi fupi, na mara moja utaona uzi wa moshi mweupe ukipanda kutoka kwenye utambi. Ulete moto wa njiti kwenye uzi huo, sentimita mbili au tatu juu ya utambi, bila kuugusa utambi wenyewe.

Mwali utaruka. Utashuka kupitia moshi na kuuwasha utambi tena, kama kwamba umepanda ngazi kwa kurudi nyuma. Usipofanikiwa mara ya kwanza, ama umechelewa au chumba kina upepo. Jaribu tena.

Ule moshi mweupe si moshi wa kuungua. Ni nta. Nta ya parafini, ile ya mishumaa mingi, huyeyuka kwenye nyuzi 50 hadi 65 za Selsiasi hivi, ikapanda utambi kama maji yanavyopanda kwenye pembe ya kitambaa, na karibu na mwali ikapata joto la nyuzi mia kadhaa na kugeuka mvuke. Ulipouzima mwali, nta iliendelea kufuka kwa sekunde chache, ikapoa hewani na kuganda kuwa chembe ndogo unazoziona kama ukungu. Ulichokiwasha kwa njiti ni huo ukungu na mvuke wake. Sehemu nyeusi kuzunguka utambi ndiyo ghala la mvuke huo: upo tele, ila oksijeni haijaufikia.

Hapo umeelewa pia kwa nini nta iliyomwagika mezani huwezi kuiwasha kwa njiti moja. Haina utambi wa kuipasha kidogo kidogo hadi itoe mvuke wa kutosha.

Hatua ya 3: Ukate mwali katikati

Shika chujio la waya kwa mpini wake, ulishushe polepole juu ya mwali kana kwamba unaukandamiza. Ajabu yake ni kwamba mwali haupiti. Unakatika kama umewekewa dari, na juu ya waya unatoka moshi mweupe uleule wa hatua ya pili. Leta njiti inayowaka juu ya chujio: moshi utashika moto upande wa juu pia. Usikae muda mrefu, waya utaiva na mpini utakuunguza. Chujio langu la kwanza lilibadilika rangi moja kwa moja na nikalazimika kueleza jikoni.

Matundu hayakuuzuia mvuke, maana tumeona unapita. Yalichozuia ni joto. Chuma hunyonya joto haraka na kulisambaza, gesi inayopita inapoa chini ya kiwango cha kushika moto, na mwako unakoma. Mwaka 1815 Humphry Davy alitumia kanuni hiyo kutengeneza taa ya wachimba makaa ya mawe: mwali uliozungushiwa wavu wa waya, ili gesi ya methani iliyojaa mgodini iweze kuingia kwenye taa lakini moto usiweze kutoka na kulipua mgodi.

Hatua ya 4: Masizi yanatoka wapi

Pitisha kijiko cha chuma kwenye sehemu ya njano ya mwali kwa sekunde tatu, kikiwa mlalo. Kitatoka na doa jeusi tii. Kifute, kisha kishike sentimita kadhaa juu ya ncha ya mwali, bila kuugusa. Doa litakuwa dogo sana, au hakuna.

Kumbe ndani ya mwali kuna masizi, na juu yake hayapo. Yamekwenda wapi? Yameungua. Joto huvunja molekuli ndefu za nta, na kabla oksijeni haijatosha, kaboni hushikamana kuwa chembechembe ngumu. Chembe hizo huiva kwa joto la nyuzi elfu moja na zaidi na kung'aa njano, kama chuma kinavyong'aa kwa mhunzi. Zikifika ukingoni mwa mwali hukutana na oksijeni na kuisha. Kwa hiyo mwanga wa mshumaa ni masizi yanayong'aa kabla ya kuteketea. Kijiko chako kiliyapoza kabla hayajafika mwisho wa safari, yakabaki juu yake.

Sehemu ya bluu haina masizi kwa sababu pale hewa inaingia mapema na mvuke unaungua moja kwa moja. Kumbuka hili tutakapofika kwenye jiko la gesi: njano ni upungufu wa hewa, bluu ni hewa ya kutosha.

Hatua ya 5: Maji kutoka motoni

Chukua gilasi kavu iliyopozwa, uipindue na kuishika juu ya mwali, kiasi cha sentimita kumi. Ndani ya sekunde chache kioo kitaingia ukungu. Ni maji. Baadaye gilasi itapata joto na ukungu utatoweka, kwa hiyo tazama mapema.

Maji hayo hayakuwa kwenye mshumaa. Yamezaliwa sasa hivi. Nta ni kaboni na haidrojeni tu. Haidrojeni yake inaungana na oksijeni ya hewa na kuwa maji, na kaboni yake inaungana na oksijeni na kuwa kaboni dayoksaidi. Tukichukua molekuli moja ya kawaida ya nta, hesabu inakuwa hivi:

C25H52 + 38 O2 → 25 CO2 + 26 H2O

Kwa uzani, gramu 352 za nta huhitaji gramu 1,216 za oksijeni, na hutoa gramu 1,100 za kaboni dayoksaidi na gramu 468 za maji. Jumlisha pande zote mbili utapata 1,568, hakuna kilichopotea. Kila gramu ya nta huacha nyuma gramu moja na theluthi ya maji. Mtu akikwambia mshumaa "umeisha", mweleze kwamba umeongezeka uzito zaidi ya mara nne na kuruka hewani.

Joto lenyewe linatoka wapi? Kutenganisha atomu za nta na za oksijeni kunagharimu nishati. Kuziunganisha upya kuwa maji na kaboni dayoksaidi kunalipa nishati kubwa kuliko iliyogharimiwa. Ile njiti ya kiberiti ni mtaji wa kwanza tu. Baada ya hapo faida ya molekuli moja inalipia kuvunjwa kwa nyingine. Katikati ya biashara hiyo kuna vipande vya molekuli vyenye uhai mfupi sana, kama atomu ya haidrojeni iliyo peke yake, ambavyo kila kimoja kikigonga oksijeni huzaa vingine viwili. Mnyororo huo ndio unaoupa moto kasi. Unga mkavu wa kizima moto hufanya kazi zaidi kwa kuunasa mnyororo huu kuliko kwa kupoza.

Hatua ya 6: Gilasi juu ya kisahani, na uongo maarufu

Simamisha mshumaa mfupi katikati ya kisahani, mimina maji ya kina cha sentimita moja, uwashe, kisha uufunike kwa gilasi. Mwali utafifia na kuzimika, na maji yatapanda ndani ya gilasi.

Maelezo yanayorudiwa kila mahali ni haya: "Moto umekula oksijeni yote, ambayo ni asilimia 21 ya hewa, na maji yamechukua nafasi yake." Yanapendeza, na si kweli. Thibitisha mwenyewe. Rudia jaribio, safari hii ukitazama ukingo wa gilasi mara tu unapoifunika: utaona mapovu yakitoka. Hewa iliyopashwa moto inatanuka na sehemu yake kutoroka. Halafu tazama ni lini maji yanapanda. Hayapandi polepole mshumaa ukiwaka. Yanapanda kwa kasi ukizimika, yaani gesi iliyobaki inapopoa na kunywea. Mwisho, weka mishumaa mitatu chini ya gilasi hiyohiyo. Oksijeni ni ileile, lakini maji yatapanda juu zaidi, kwa kuwa joto ni kubwa na hewa nyingi zaidi imetoroka.

Tena, mshumaa hauli oksijeni yote. Huzimika ikiwa imeshuka hadi asilimia 16 hivi. Moto haungoji sahani iwe tupu ndipo uondoke mezani.

Kwa haraka, fanya na hili: tia vijiko viwili vya baikaboneti kwenye jagi, mimina siki kidogo, ngoja povu litulie. Sasa inamisha jagi juu ya mshumaa kama unamimina, ila usiruhusu siki itoke. Mwali utazimika kwa "kitu" usichokiona. Ni kaboni dayoksaidi, nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu, ikimwagika kama maji na kuisukuma oksijeni mbali.

Hatua ya 7: Chuma kinachoungua na kuongezeka uzito

Toka nje kwa hatua hii, au simama juu ya sakafu ya saruji, maana cheche zitaruka. Kunja karatasi ya aluminiamu iwe sinia ndogo, iweke juu ya kipande cha kigae kilicho juu ya mizani. Chambua stilwaya ya gramu kumi hivi iwe kama pamba, hewa ipite katikati. Pima. Iguse kwa njiti inayowaka pembeni.

Hakutakuwa na mwali. Utaona mstari mwekundu ukitambaa kwenye nyuzi kama siafu. Puliza taratibu: mstari unang'aa zaidi. Likishapoa, pima tena. Uzito umeongezeka, hata kama kidogo, kwa kuwa chuma kimeshika oksijeni na kuwa oksidi ya chuma, ambayo ni kitu kigumu kinachobaki palepale kwenye sinia.

Ongezeko hilo dogo liliwahi kuangusha nadharia nzima. Katika karne ya 18 wanakemia wengi waliamini, wakimfuata Mjerumani Georg Ernst Stahl, kwamba kitu kinachoungua hutoa kiini kilichoitwa flojistoni. Kama kuna kinachotoka, mbona uzito unaongezeka? Mwaka 1772 Antoine Lavoisier wa Ufaransa alipima fosforasi na salfa zilizoungua akakuta zimeongezeka uzito. Mwaka 1774 Mwingereza Joseph Priestley alipasha oksidi ya zebaki na kupata gesi iliyofanya mshumaa uwake kwa ukali usio wa kawaida. Priestley mwenyewe aliendelea kuitetea flojistoni. Lavoisier ndiye aliyeona maana ya gesi ile, na ndiye aliyeipa jina la oksijeni: kuungua si kutoa kitu, ni kuungana na kitu. Mizani ya Lavoisier ilishinda hoja za miaka mingi, ingawa haikumwokoa na gilotini, mashine ya kukata vichwa, mwaka 1794, wakati wa mapinduzi, kwa kesi isiyohusu kemia hata kidogo.

Hatua ya 8: Mkaa, na jibu la swali letu

Hatua hii ifanyike nje tu. Washa vipande kadhaa vya mkaa hadi viwive. Chukua kimoja kwa koleo, kiweke pembeni peke yake, na uache vingine vikiwa vimekaribiana.

Mkaa ni kuni zilizopashwa moto mahali penye hewa kidogo hadi mvuke na gesi zake zote zikatoka. Kilichobaki ni kaboni, karibu yote. Na kaboni haiyeyuki wala haichemki kwenye moto wa jikoni. Ingehitaji nyuzi zaidi ya 3,500 ndipo igeuke mvuke. Kwa hiyo mkaa hauna cha kupeleka hewani kikaungue. Oksijeni ndiyo inayolazimika kuufuata hadi juu ya ngozi yake. Ndiyo sababu mkaa, kama ile stilwaya, unawiva bila mwali.

Sasa puliza. Kwa mkaa, pumzi huondoa jivu na gesi iliyochoka juu ya uso, na kuleta oksijeni mpya mahali penyewe pa kazi. Joto haliibwi kirahisi kwa sababu limehifadhiwa ndani ya kipande kizima kilicho kigumu. Kwa mshumaa, moto hauko kwenye utambi. Uko hewani, kwenye mvuke. Pumzi huubeba mwali na kuutenganisha na mvuke unaoulisha, na utambi peke yake hauna joto la kutosha kuuwasha mvuke upya. Unabaki na uzi wa moshi mweupe, yaani chakula ambacho hakina tena wa kukila.

Ukitazama lile kaa ulilolitenga, limeshaanza kusinyaa na kuvaa jivu. Vipande vilivyokaribiana hupashana joto. Kilicho peke yake hulimwaga pande zote. Hata kulipuliza sana sasa kunaweza kulimaliza badala ya kuliamsha.

Miali midogo ya bluu inayocheza juu ya mkaa, je? Ndani ya rundo, kaboni dayoksaidi inayopita kati ya makaa yaliyoiva hunyang'anywa oksijeni yake moja na kuwa kaboni monoksaidi. Ikifika juu na kukuta hewa, huungua kwa bluu. Isipopata joto la kutosha kuungua, hutoka hivyohivyo, haina rangi wala harufu. Hushikamana na himoglobini, kibeba oksijeni cha damu, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara zaidi ya 200. Mkaa ulioiva vizuri, usiotoa moshi, ndio unaodanganya watu waukaribishe chumbani usiku. Usiingize jiko la mkaa kwenye chumba cha kulala hata kama dirisha limeachwa wazi kidogo. Kichwa kikianza kuuma na kizunguzungu kuja karibu na mkaa unaowaka, toka nje kwanza, maswali baadaye.

Kuutumia ujuzi: kuni

Kuni mbichi inaweza kuwa nusu ya uzito wake ni maji, na kila kilo ya maji hula megajuli 2.26 za nishati ili tu igeuke mvuke, baada ya kuwa imepashwa hadi nyuzi 100. Iliyokauka vizuri hubaki na asilimia 15 hadi 20. Maji yakiisha, na joto likipita nyuzi 200 hadi 300, mti huanza kuvunjika na kutoa gesi. Hizo ndizo zinazowaka kama ndimi. Kinachobaki ni mkaa, unaoendelea kwa mtindo wa hatua ya nane.

Moshi wa kuni, basi, ni ule uzi mweupe wa mshumaa kwa ukubwa wake: ni kuni zako zikipotea bila kuungua. Jaribu kuwasha kutoka juu. Panga magogo manene chini, membamba juu yake, na vijiti vikavu vya kuwashia juu kabisa, ukiacha nafasi za hewa. Washa vile vya juu. Moto unaposhuka, gesi za kuni za chini zinapanda na kupita kwenye mwali ulio juu yake, zinaungua badala ya kukutoa machozi. Waliozoea kuwasha chini hucheka mpangilio huu, mpaka wauone.

Vijiti vyembamba vinashika haraka kwa sababu eneo la uso ni kubwa kulinganisha na uzito unaopaswa kupashwa. Gogo hulimeza joto la njiti yako na kulisambaza ndani kabla uso haujafika nyuzi za kutoa gesi.

Gesi na vimiminika

Jiko la gesi huchanganya hewa na gesi kabla ya kuwasha, ndiyo maana linawaka bluu. Likianza kuwaka njano na kupaka sufuria masizi, hewa haiingii ya kutosha: zima, liache lipoe, safisha matundu ya kichomeo na kitundu cha kuingizia hewa. Mchomo wa rangi ya chungwa unaokuja na kutoweka mara nyingi ni vumbi au chumvi tu, usihangaike.

Gesi haiwaki kwa kipimo chochote. Methani hushika moto ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa. Propani ya mtungi kati ya asilimia 2 na 10 hivi. Chini ya hapo ni nyembamba mno, juu yake oksijeni haitoshi. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hulala sakafuni na kujikusanya mabondeni. Ukiinusa, funga valvu, fungua milango na usiguse swichi yoyote, si ya kuwasha wala ya kuzima, maana zote mbili zinatoa cheche.

Petroli hutoa mvuke wa kutosha kushika moto hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Mafuta ya taa huanza kutoa mvuke wa kiasi hicho yakipita nyuzi 38 hivi. Anayemwaga petroli kwenye kuni hawashi kuni. Anawasha wingu ambalo tayari limemzunguka miguuni. Na dumu la petroli "tupu" ni la kuogopwa kuliko lililojaa, kwa kuwa ndani yake mvuke na hewa vimekwisha kuchanganyika.

Kuzima

Uliza swali moja: hapa kinachowaka ni nini, na ni kipi ninachoweza kukiondoa upesi?

Kwenye kuni na nguo, maji hushinda kwa kupoza. Yakiushusha uso chini ya joto la kutoa gesi, ndimi zinakosa chakula. Mafuta ya kukaangia ni habari nyingine. Yakiwaka yamepita nyuzi 300, na maji yakitiwa humo huzama, yanageuka mvuke mara moja na kutanuka karibu mara 1,700, yakirusha mafuta yanayowaka hadi darini. Zima jiko, telezesha mfuniko wa chuma kutoka pembeni, acha sufuria palepale. Kuufungua mfuniko baada ya dakika moja "kuangalia" ni kuyarudishia oksijeni wakati bado yana joto la kujiwasha yenyewe. Ngoja mpaka sufuria iguseke. Moto wa umeme, kata umeme kwanza. Magnesiamu inayowaka hainyamazishwi hata na kaboni dayoksaidi, kwa sababu ina nguvu ya kuinyang'anya oksijeni yake na kuacha masizi ya kaboni. Huyo mwachie mchanga mkavu.

Mkaa ndio wa mwisho kuzimika. Jivu ni blanketi: hupunguza hewa lakini hutunza joto, na kaa lililofukiwa linaweza kukaa hai hadi kesho yake. Ukimaliza jaribio la nane, mwagia maji, koroga kwa kijiti hadi kila kipande kiwe kimelowa, mwagia tena. Kisha leta kiganja karibu na rundo bila kuligusa. Ukisikia joto, bado.